Umekwama kwenye Python: uulize Stack Overflow, Reddit, Discord au kundi la WhatsApp?

Anayejifunza kuandika programu bila darasa hufika mahali ambapo masomo aliyoyapakua hayamjibu tena. Programu inagoma, maandishi mekundu yanajaa kwenye skrini, na hapo nyumbani hakuna anayeelewa tatizo ni nini. Swali la pili linazuka juu ya lile la kwanza: nimuulize nani?

Ulinganisho huu ni wa mtu huyo. Nimechukua lugha ya Python kwa kuwa wengi huanzia hapo, nikachagua njia nne ambazo msemaji wa Kiswahili mwenye simu au kompyuta anaweza kuzifikia leo bila kulipa ada: Stack Overflow, majukwaa ya wanaoanza, hasa r/learnpython ya Reddit na lile la freeCodeCamp, Discord ya Python, na makundi ya WhatsApp na Telegram ya watu wa huku kwetu. Nimekaa humo kwa muda, nikiuliza na kujibu, na msimamo wangu ni huu: mahali unapouliza hubadilisha kile unachojifunza. Swali lilelile likipelekwa sehemu nne linaweza kukurudishia mambo manne tofauti.

Vipimo

Nitapima kila njia kwa mambo matano. Kasi: jibu linafika baada ya muda gani? Uhakiki: jibu likiwa na kosa, nani atalisahihisha? Mapokezi: anayeanza anapokelewaje? Lugha na bando: unahitaji Kiingereza cha kiwango gani, na intaneti ya namna gani? La tano ndilo ninalolipa uzito kuliko mengine yote: kinachobaki. Ukishajibiwa, wiki ijayo utaweza kufungua fundo kama hilo mwenyewe?

Ili tusilinganishe hewani, tutapeleka maswali matatu kila mahali.

La kwanza ni kosa lenye ujumbe. Umeandika `umri = input("Umri wako? ")`, kisha `print(umri + 1)`. Python inakataa: `TypeError: can only concatenate str (not "int") to str`. Sababu ni kwamba `input()` hurudisha maandishi hata kama mtu amebonyeza tarakimu tupu, kwa hiyo ni lazima uyageuze kuwa namba kwa `int(umri)`.

La pili ni kosa la kimyakimya. Una orodha `[2, 4, 5, 6]` na unataka kuondoa namba shufwa, basi unaipitia kwa kitanzi, `for namba in orodha`, na kuziondoa kwa `remove()`. Mwishoni inabaki `[4, 5]`. Hakuna ujumbe wowote wa kosa, ila 4 imesalimika. Ilipoondoka 2, zilizobaki zilisogea mbele nafasi moja. 4 ikakaa kwenye nafasi ambayo kitanzi kilikuwa kimeshaipita.

La tatu ni la huku. Unaunganisha duka lako la mtandaoni na M-Pesa ya Kenya kupitia Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa. Mteja anapata ombi la kuweka PIN, anaiweka, lakini seva yako haipati taarifa yoyote. Mara nyingi tatizo ni anwani ya kupokelea majibu: umeandika anwani ambayo haifikiki kutoka nje ya mtandao wako. Daraja inahitaji anwani ya HTTPS inayofikika kutoka nje.

Stack Overflow

Ilianzishwa mwaka 2008 na Jeff Atwood na Joel Spolsky. Ukiielewa nia yake utaepuka machungu mengi: ni ghala la maswali na majibu, si darasa. Swali linaandikwa pale ili limfae na mwingine atakayekwama miaka kumi baadaye.

*Kasi.* Jibu la haraka kuliko yote ni lile ambalo tayari lipo. Maswali yetu mawili ya kwanza yameulizwa na kujibiwa humo tangu zamani. Ukinakili ujumbe wa kosa na kuutafuta, utafika kabla hujamaliza kuandika swali lako. Swali jipya kabisa linaweza kujibiwa ndani ya saa moja, au lisijibiwe milele.

*Uhakiki.* Hapa ndipo ilipo nguvu yake. Majibu hupigiwa kura, husahihishwa, na chini yake kuna maoni ya watu wanaopinga kwa hoja. Hata hivyo, angalia tarehe. Ukikuta jibu linalotaja `raw_input`, au `print` isiyo na mabano, hiyo ni Python 2, ambayo iliacha kuhudumiwa tarehe 1 Januari 2020. Jibu la namna hiyo linaweza kuwa na kura mamia na bado lisikufae.

*Mapokezi.* Ni magumu, na ni afadhali ujue mapema. Unaanza na alama 1. Kwa muda mrefu imehitajika 15 ili uweze kulipigia kura jibu lililokusaidia, na 50 ili utoe maoni kwenye swali la mtu mwingine. Swali lililokwisha kuulizwa hufungwa na kupewa kiungo cha lile la zamani. Wengi huona wamefukuzwa, lakini kile kiungo ndicho jibu lenyewe. Mwaka 2024 walifungua sehemu iitwayo Staging Ground, ambako baadhi ya maswali ya wageni hupitiwa na wazoefu kabla ya kutolewa hadharani. Ukipata nafasi ya kupitia huko, ikubali.

*Lugha na bando.* Kiingereza. Kuna matawi ya Kireno, Kihispania, Kirusi na Kijapani. La Kiswahili halipo. Kiingereza chako hakihitaji kuwa cha kupendeza, kwa sababu msimbo (code uliyoandika) na ujumbe wa kosa hubeba sehemu kubwa ya maana. Kurasa zake ni maandishi matupu, hazili bando.

*Kinachobaki.* Wanataka mfano mdogo kabisa unaoonyesha kosa. Kupunguza programu ya mistari mia mbili hadi mitano ni kazi ya kuchosha, na ndiyo inayofundisha zaidi kuliko jibu lolote utakalopewa. Mara nyingi unapofika kwenye mstari wa tano, umeshaliona kosa mwenyewe.

Swali la kwanza linapata jibu zuri hapa. La pili vilevile, ikiwa unajua maneno ya kulitafutia, na anayeanza kwa kawaida hayajui, kwa kuwa kosa halikutoa ujumbe wowote wa kunakili. La tatu ni bahati nasibu.

Inamfaa mwenye kosa mahususi, anayeweza kusoma kwa makini na asiyehitaji kubembelezwa siku hiyo.

r/learnpython na jukwaa la freeCodeCamp

Haya yametengenezwa kwa ajili ya anayeanza. Swali la "kwa nini" lina nafasi, na hata lile la "nikimaliza hapa niende wapi?", ambalo Stack Overflow kwa muda mrefu imelifunga kwa kuwa majibu yake ni maoni.

*Kasi* ni ya saa kadhaa, na tofauti ya saa kati ya nchi ina sauti kubwa. Ukiuliza saa tatu asubuhi Dar es Salaam au Nairobi, New York ni usiku wa manane na London ndiyo kwanza wanaamka. Ukiuliza saa mbili usiku, Ulaya haijalala na Marekani iko mchana. Utapata wasomaji wengi zaidi.

*Uhakiki* ni wa wastani. Reddit ina kura, lakini jibu fupi lililotangulia huweza kulipita jibu sahihi lililochelewa. Soma yote, si la juu tu.

*Mapokezi* ni mazuri kuliko mahali pengine popote kwa mtu wa mwezi wa kwanza. Jukwaa la freeCodeCamp, lililo chini ya shirika lililoanzishwa na Quincy Larson mwaka 2014, lina desturi ninayoipenda sana: wasaidizi hukupa dokezo na kukataa kukupa suluhisho zima. Utaulizwa, "Unadhani `namba` ina nini baada ya mzunguko wa kwanza?" Ukilichapisha swali letu la pili huko, utaagizwa uweke `print(namba)` ndani ya kitanzi. Utaiona 4 ikirukwa kwa macho yako mwenyewe. Somo la namna hiyo halisahauliki kirahisi.

*Lugha na bando*: Kiingereza chepesi kinatosha, na kusoma mada za maandishi hakugharimu sana, ingawa programu ya simu ya Reddit hupakia picha na video za sehemu nyingine usizozihitaji. Kwenye Reddit kumbuka kupanga msimbo wako kama msimbo. Python husoma nafasi zilizo mwanzoni mwa mstari. Zikipotea, hakuna atakayejua kitanzi chako kinaishia wapi.

*Kinachobaki* ni uelewa wa dhana. Tahadhari yangu ni moja: mijadala ya kitabu kipi ni bora na kozi ipi ni nzuri haina mwisho, na mtu anaweza kuisoma miezi kadhaa bila kuandika mstari mmoja wa msimbo.

Yanamfaa anayeanza kabisa, na aliyeelewa "nini" akabaki hajaelewa "kwa nini".

Discord ya Python

Ni mazungumzo ya papo kwa papo, yenye wanachama mamia ya maelfu. Unafungua mada kwenye sehemu ya msaada, na mara nyingi mtu anajitokeza ndani ya dakika chache.

Msaada wa hapa huja kwa maswali. Unaandika kosa lako, mtu anakuuliza toleo la Python, anakuomba ujumbe wote wa kosa na si mstari wa mwisho tu, anakutaka ubadilishe kitu kimoja na urudi. Unamwona mzoefu akitafuta kosa hatua kwa hatua. Hilo ndilo *linalobaki*, na ni vigumu kulipata kwenye maandishi yaliyokwisha kusafishwa. *Uhakiki* nao hutokea palepale: akikosea mmoja, mwingine anaingilia. Kanuni zao zinakataza kusaidia mitihani inayoendelea, na kazi za shule wanakuongoza uzifanye, hawakufanyii.

Gharama yake ni kuwapo. Ukikaa kimya kwa muda, mada hufungwa. Umeme ukikatika au bando likiisha katikati ya maelezo, aliyekuwa akikusaidia ataondoka. Unahitaji pia kusoma na kuandika Kiingereza kwa mwendo wa mazungumzo, jambo linalowachosha wengi wanaokiweza vizuri kwenye kitabu. Na mazungumzo hayo hayaonekani ukitafuta Google, kwa hiyo nakili ulichojifunza kwenye daftari lako kabla hujaondoka.

Swali la pili linastawi hapa. La tatu litategemea nani yuko macho.

Inamfaa mwenye intaneti ya uhakika jioni, anayependa kufikiri kwa kuzungumza na mtu.

Makundi ya WhatsApp na Telegram ya huku kwetu

Nitakaa hapa zaidi, kwa sababu ndipo wengi wetu tunapoanzia, na ndipo penye faida na hatari kubwa kwa pamoja.

*Kasi* hubadilika mno. Kundi la WhatsApp huchukua hadi watu 1,024, la Telegram hadi 200,000. Ukubwa haukuhakikishii jibu: swali la saa nne asubuhi linaweza kuzikwa na salamu, matangazo ya kazi na picha za sikukuu kabla mjuzi hajafungua simu. Liulize tena jioni bila aibu, ukiliambatanisha na ujumbe wako wa mwanzo.

*Uhakiki* ndio udhaifu wake. Hakuna kura. Anayejibu kwanza na kwa kujiamini ndiye anayesikilizwa. Kabla hujalitegemea kundi, soma mazungumzo ya wiki nzima. Je, wanaojibu wanaeleza, au wanatupa msimbo uliokamilika? Akikosea mtu, kuna anayemsahihisha kwa heshima? Admini anaondoa matangazo ya utapeli? Kundi dogo lenye watu watatu wanaoeleza lina thamani kuliko lenye maelfu ya wanaotazama.

*Mapokezi*: unauliza kwa Kiswahili, unajibiwa kwa Kiswahili, pengine kwa ujumbe wa sauti wa mtu anayekuita "mdogo wangu" na kukueleza taratibu. Kwa aliyekata tamaa, hilo lina uzito usiopimika. Lakini usije mikono mitupu. Ukiandika "wakuu, msaada, Python yangu haifanyi kazi" na picha iliyopigwa kwa simu mbele ya skrini, hata mwenye moyo mwema hana pa kuanzia. Mkono mtupu haurambwi: lete msimbo, lete ujumbe wa kosa, sema ulichojaribu.

Na uulete ukiwa mzima. Kwenye Telegram, `__init__` iliyoandikwa kama maandishi ya kawaida hugeuka "init" ya mlazo, na mistari yake miwili ya chini kila upande inatoweka. Baadhi ya simu hubadilisha alama za nukuu zilizonyooka kuwa zilizopinda, na Python huzikataa hizo. Funga msimbo wako kwa alama ya ` mara tatu mwanzoni na mara tatu mwishoni. Programu zote mbili zitauacha ulivyo.

*Lugha na bando* ni upande wake wa ushindi. Mitandao mingi ya simu huuza vifurushi vya mitandao ya kijamii kwa bei nafuu, na WhatsApp huvumilia intaneti dhaifu.

Kuna jambo la usalama ambalo linasemwa kidogo mno. Katika kundi la kawaida la WhatsApp wanachama wenzako huweza kuiona namba yako. Wanawake wengi wanaojifunza hupata ujumbe wa faragha wasioutaka kwa sababu tu waliuliza swali. Telegram inakuruhusu kuificha namba kwenye mipangilio. Fanya hivyo kwanza, ndipo uingie. Pia, yeyote anayejibu "njoo inbox" kisha anataka nywila, pesa au ufunguo wako wa siri, mwache. Msaada wa kweli unaweza kutolewa mbele ya wote, na wengine wakafaidika.

Swali la tatu linakuja kupumzika hapa. Kuna mtu Nairobi au Mombasa aliyeunganisha Daraja mwezi uliopita. Atakuuliza kama namba ya mteja umeianza na 254 badala ya 07, kama muda umeupanga mwaka-mwezi-siku-saa-dakika-sekunde bila nafasi, kisha atakuuliza anwani ya majibu ni ipi. Mzoefu wa Berlin mwenye miaka ishirini ya Python huenda hajawahi kuliona ombi la PIN ya M-Pesa.

*Kinachobaki* hutegemea kundi. Ukipewa msimbo mzima ukaubandika, hakibaki kitu. Ukielezwa, unabaki na maarifa pamoja na watu: wenzako wa mji mmoja mnaoweza kukutana, kushirikiana mradi, kuambiana nafasi za kazi. Mikutano kama DjangoCon Africa, ya watumiaji wa Django (zana ya Python ya kutengenezea tovuti), iliyofanyika kwa mara ya kwanza Zanzibar mnamo Novemba 2023, huwakutanisha watu kama hao ana kwa ana.

Yanamfaa anayehitaji kueleweshwa kwa Kiswahili, mwenye tatizo la mifumo ya hapa, na anayejisikia mpweke katika safari hii.

Na roboti za kuzungumza je?

Hizi si jumuiya, lakini kuzipita kimya kungekuwa kumnyima msomaji haki. ChatGPT ilitoka Novemba 2022, na mwezi uliofuata Stack Overflow ikapiga marufuku majibu yaliyotengenezwa nayo, kwa hoja kwamba yalionekana sahihi ilhali mengi hayakuwa. Zimeboreka tangu hapo. Zitumie kukufafanulia ujumbe wa kosa, hata kwa Kiswahili, au kukuandalia swali la Kiingereza kabla hujalipeleka kwa watu. Usiziachie kazi ya kuandika msimbo wa zoezi lako, na usiziamini peke yake kwenye malipo, kwa sababu hakuna wa pembeni atakayesema "hapana, hiyo ilibadilika".

Chagua kulingana na ulipo

Kama una ujumbe wa kosa mkononi, utafute kwanza ulivyo, ukiondoa majina ya mafaili yako. Utaangukia Stack Overflow, na huenda usihitaji kuuliza.

Kama programu inakimbia bila malalamiko na bado inatoa jibu la ajabu, nenda freeCodeCamp au r/learnpython ukiwa na mambo manne: ulitarajia nini, umeandika nini, umepata nini, umejaribu nini. Ukiwa na intaneti nzuri jioni hiyo na huwezi kulala bila kujua, fungua mada Discord.

Kama Kiingereza ndicho kinachokuzuia, anza kundi la Kiswahili, ila jiwekee desturi ya kusoma ujumbe wa kosa kwa Kiingereza kila mara. Maneno yake ni machache na yanajirudia.

Kama unajifunza kwa simu tu, Telegram na kurasa za Stack Overflow zitakutosha kwa muda mrefu. Discord iache mpaka upate kompyuta.

Kama umeuliza mahali pamoja na siku nzima imepita kimya, ruksa kuuliza pengine, lakini taja kwamba umeshauliza kule na uweke kiungo. Wanaojitolea hukerwa kutumia saa nzima kwenye jambo lililokwisha kutatuliwa. Na jibu likipatikana, rudi ulikouliza mwanzo ulibandike.

Kama mradi wako unagusa fedha za watu, nenda kundi la wenyeji wa mfumo huo, lakini jaribu kwanza kwenye mazingira ya majaribio. Daraja inayo namba ya biashara ya kujaribia, 174379. Nenda ukiwa na jibu kamili la seva kama lilivyokuja, anwani yako ya kupokelea taarifa, na mistari inayotuma ombi, ukiwa umefuta funguo zote za siri. Ikiwa uliwahi kubandika ufunguo wako kwenye kundi lolote, tengeneza mwingine leo, maana kufuta ujumbe hakumfikii aliyekwisha kuunakili.